Rufaa ya Joka Lililopigwa Usingizini

BINTI YANGU AMEUA JOKA! Kwa pigo moja, mbele za watu, saa tano na dakika ishirini asubuhi, na mimi mama yake nikiwa safu ya tatu, miwani nimeifuta mara mbili. Sasa ndiyo nisalimie.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Rufaa,
Chama cha Wachezaji wa Ngome na Joka.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini u mzima, wewe na kamati yako nzima. Mimi ni mlezi wa bweni la wasichana, mwaka wa kumi na tisa huu, tena ni mama wa yule fundi wa lifti mnayemwita Tingatinga. Jina hilo nilimpa mimi akiwa na miaka miwili, siku alipoangusha kabati. Hakuumia. Kabati ndilo liliumia. Shule niliishia darasa la nane, lakini kusoma nasoma, na kitabu chenu cha kanuni nimekimaliza chote, mpaka ukurasa ule wenye anwani ya kiwanda cha kuchapa.

Kisa unakijua, ila nakieleza ili mtu mwingine asije akakupa cha kwake. Fainali ya Jumapili iliyopita, katika ukumbi wa maktaba, joka lilikuwa limelala mlangoni mwa ngome. Nikauona mkono wa binti yangu unaisogeza kete ya shujaa, unarusha dadu, sita mbili! Joka likafa. Nikashangilia hadi mlinzi akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Hapo mwamuzi wenu, ambaye ni mkutubi, akainua kidole akasema tungoje, kanuni zinagongana. Kanuni ya kumi na nne inasema kila kiumbe kinachopigwa hurudisha pigo moja kabla ya kufa. Kanuni ya ishirini na mbili inasema kiumbe kilicholala hakifanyi lolote mpaka kiamke. Kwa maoni yake joka lilishtuka, likatema moto, na shujaa naye akaungua. Hivyo ngome imebaki ya joka na ushindi ni wa joka. Watu wakabishana, rufaa ikakatwa, kikombe kikafungiwa kabatini hadi mkutano wenu wa Ijumaa. Na mwenye kikombe, wote tunajua, ndiye atakayeuwakilisha mji huu kwenye mashindano makubwa.

Binti yangu sikupata hata kumkumbatia. Aliitwa pale pale, lifti ya jengo fulani ilikuwa imekwama na watu sita, na tangu siku hiyo anakwenda kutoka jengo hadi jengo. Nikimpigia simu anasema, "Mama, niache kwanza, niko juu ya lifti." Basi nimeona nimtetee mwenyewe bila kumsumbua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Aliyelala hapigi mtu. Hili sikulisoma kitabuni, nimeliishi. Kila siku ya shule naamsha wasichana themanini na wanne, na daftari la kumbukumbu ninalo. Aliye mwepesi kuliko wote huchukua dakika mbili tangu nimtikise bega hadi atamke neno lenye maana. Yule wa kitanda cha dirishani huchukua dakika kumi na moja, na neno lenyewe huwa ni "Bado." Huyo ana kilo arobaini. Joka lenu, kwa mujibu wa ukurasa wa sita, lina uzito wa tembo kumi na wawili na limelala miaka mia. Piga hesabu mwenyewe, lingezinduka lini? Mimi nimepiga, nikapata wiki ya pili ya mwezi ujao.

2. Moto ungetoka wapi? Tuseme limeshtuka, sawa, tumekubali. Tangi letu la maji ya moto bwenini likizimwa usiku mmoja tu, huchukua dakika arobaini kupata joto la kunawia uso. Tumbo lililolala miaka mia ni tangi lililozimwa. Kingetoka kimoshi na harufu mbaya ya mdomo, na kwa harufu mbaya ya mdomo shujaa haungui, anageuza uso tu.

3. Mwamuzi mwenyewe ni ushahidi wangu. Kwa heshima zote, siku ya nusu fainali alisinzia, kidevu kifuani. Mchezaji mmoja akaangusha sanduku la dadu karibu kabisa na sikio lake. Je, alirudisha pigo? Hakurudisha. Alifuta mdomo akauliza, "Zamu ya nani?" Mtu ambaye yeye mwenyewe akishtuliwa hata zamu haijui, anapata wapi ujasiri wa kulidai joka zaidi ya hapo?

4. Uamuzi huu unaharibu watoto. Habari zilifika bwenini kabla yangu. Jumatatu nimekuta kitanda hakijatandikwa, namwuliza mwenyewe, ananijibu, "Mama Mlezi, nilikitandika usingizini, kanuni ya kumi na nne." Bweni zima likacheka. Mwingine amedai alikesha akijisomea hesabu huku anakoroma. Nyumbani nako, mume wangu hulala kochini kila Jumapili tangu chakula cha mchana hadi taarifa ya habari. Nikamwambia, kama waliolala siku hizi wanafanya kazi, basi oshea vyombo humo humo ulimo. Akageukia upande wa pili. Vyombo viko pale pale. Kamati itakuja kuviosha, au vipi?

5. Dada yangu. Hili ndilo linalonichoma hasa. Mwanawe ni dereva wa treni, na kwa miaka saba sijala chakula kwake bila treni kupita mezani. Jumapili nilimpigia nikiwa bado ukumbini, nikamwambia, "Dada, mtoto wangu kaua joka." Jana kaja, kapangusa kochi kabla ya kukaa, kaangalia juu ya kabati langu palipo patupu, akasema, "Mdogo wangu, kikombe kiko wapi? Au nacho kimelala?" Ndugu Mwenyekiti, Tingatinga nilimzaa kwa saa thelathini. Siwezi kuambiwa maneno hayo na mtu ambaye wake alitoka kwa saa mbili.

6. Kwa hiyo naomba, kwanza, kikombe kitolewe kabatini na joka litangazwe limekufa kifo cha usingizini, bila kurudisha chochote. Pili, picha ya joka kwenye jalada ichorwe upya, macho yafumbwe na mdomo pia. Tatu, kuanzia sasa kila penye kiumbe kilicholala niitwe mimi kutoa uamuzi. Nitakuja na kengele yangu na daftari. Nne, mwamuzi aniandikie barua ya kuniomba radhi, kurasa mbili, kwa mwandiko unaosomeka, ili nimsomee dada yangu.

Ukiona nimesema kwa ukali, ujue ni mapenzi. Huyu mtoto alijifunza kusoma kwa vibandiko vya lifti, na leo lifti zinamsikia yeye. Ukimnyima haki yake, wa kukasirika ni mimi, yeye huwa anacheka tu.

Nisalimie kamati yote, mwamuzi pamoja na usingizi wake, mlinzi aliyenijali, yule mama anayepokea watu mlangoni, na wachezaji wote, hata wa upande wa joka, maana kushindwa nako kunataka moyo.

Ni mimi ninayesubiri haki nikiwa macho,

Mama Tingatinga,
Mlezi wa Bweni.

Nyongeza: Bahasha nilikuwa sijaifunga binti yangu alipoingia kubadilisha ovaroli. Kaisoma barua akiwa amesimama, kisha akakaa sakafuni. "Mama," akasema, "joka lilikuwa langu mimi." Kumbe shujaa ni wa mpinzani wake, fundi saa mmoja. Alikuja fainali na mikono yote imefungwa bandeji, amejiunguza kwa pasi, na Tingatinga kwa malezi mema niliyompa akawa anamsogezea kete na kumrushia dadu. Mkono niliouona ni wake kweli, upanga si wake. Na rufaa kakata fundi saa.

Nimetafakari kama dakika mbili. Karatasi nyingine sina na mwandiko umetoka vizuri, hivyo naituma kama ilivyo, ila kila niliposema joka halikuweza, wewe soma liliweza sana. Yule wa dirishani hunipiga teke kila Jumatatu kabla hajafumbua macho. Nilikuwa namsitiri tu. Mwamuzi hakusinzia, alikuwa anawaza, na msomi wa aina yake sijapata kuona. Dada nimeshampigia, nikamwambia mtoto wangu hakuua joka, yeye ndiye joka; nikasikia anakohoa. Keki niliyoagiza kwa sherehe ya kumpongeza ilikuwa na shujaa juu yake, nimeagiza aondolewe, libaki joka, macho kodo. Basi Ijumaa amueni kama mwamuzi alivyoamua, kisha mje wote na kikombe, hata fundi saa na bandeji zake, nitamlisha mwenyewe kwa kijiko. Sherehe ni kwangu, Jumamosi hii, saa nane mchana.