Neno la Siri la Kompyuta ya Maabara

Jumatatu, 3 Machi 2025

Dokta Nafuna ametangaza kwamba kompyuta inayoendesha mashine ya kusoma sampuli lazima ipate mfumo mpya, na atakayemshawishi kwa pendekezo lake ndiye atakuwa msimamizi wa kompyuta zote. Okwir, mwenzangu wa maabara aliyekulia kambi ya jeshi Makindye, anataka tubaki na Windows kwa sababu mashine ilikuja nayo. Hana mawazo kabisa!

Mimi nimependekeza Linux. Nimeandika kurasa tatu: ni ya bure, ni imara, wanasayansi wa dunia nzima wanaitumia. Sababu ya kweli sikuiandika. Hapa kwenye maabara yetu ya Bukoto hakuna anayeijua, na anayejua peke yake hafukuzwi. Mimi mwenyewe nimetazama video moja.

Dokta amekubali. Acan, mwanafunzi wa shahada ya pili, ameniomba niharakishe. Ana sampuli sitini za damu ya malaria kwenye friji, na zisiposomwa kabla ya Ijumaa zitaharibika. Nimemwambia alale usingizi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeweka Linux. Nimeifunga, pamoja na diski yote, kwa neno la siri, Okwir asitie mkono. Vidole vyangu vimeungua kwa chupa ya moto, kwa hiyo nilimwita Rehemah wa mapokezi aniandikie. Nikamnong'oneza neno: kelele. Akaliandika mara mbili. Skrini ikaonyesha nukta tu. Usalama wa hali ya juu!

Jioni Rehemah ameenda mazikoni Masaka. Simu yake haipatikani.

Jumatano, 5 Machi

Kelele. Imekataa. Kelele kwa herufi kubwa. Imekataa. Nimejaribu mara arobaini kwa kidole kimoja, hadi plasta ikang'oka.

Nimemwambia Dokta kwamba mfumo mpya bado unajizoesha na mazingira. Okwir amesimama mlangoni na kuuliza kama umeshazoea. Nikamwambia mambo haya yanahitaji utulivu. Akacheka.

Acan amekuja kila saa. Mara ya sita alitazama tu skrini, kisha friji. Nimeona vibaya sana. Nilitamani aende kula.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna jipya. Nimekaa mbele ya skrini siku nzima nikijifanya nafanya kazi. Sikula.

Ijumaa, 7 Machi

Rehemah amerudi na mkungu wa ndizi za matooke. Akaketi, akabonyeza, ikafunguka! Nikamwuliza ameandika nini. Akaandika kwenye karatasi: kerere.

Nikamwambia nilisema kelele. Akaniambia, "Ndiyo ssebo, ndiyo bwana, kerere. Mimi naandika vile wewe nasema." Nikarudia. Akarudia. Tukarudia hadi Okwir akatoka nje akishikilia tumbo kwa kicheko.

Miaka minane nimeishi katika mji huu! Kila siku nasikia l ikigeuka r, na mimi nikachagua neno lenye l mbili.

Balaa halikuishia hapo. Linux imeamka vizuri, lakini haikuitambua mashine. Programu ya mashine inajua Windows tu, kama Okwir alivyosema tangu Jumatatu. Okwir akairudisha Windows ndani ya saa mbili, bila kunisimanga, jambo lililoniuma zaidi. Tukazitoa sampuli. Thelathini na moja zilikuwa zimeganda, hazisomeki tena. Acan amezihesabu mwenyewe, kisha akaketi sakafuni karibu na friji.

Jumatatu, 10 Machi

Okwir ndiye msimamizi. Mimi nimeandika barua ya kuomba radhi, na Dokta ameagiza nimsaidie Acan kuingiza takwimu za sampuli zilizobaki. Acan hakunigombeza. Amenikabidhi kompyuta yake na kuniambia kwa sauti ndogo niitunze, tasnifu yake nzima imo humo na hana nakala mahali pengine. Kisha akaenda kumwona mwalimu wake chuoni.

Maskini binti! Kompyuta yake inajikokota. Inachukua dakika nne kuwaka. Na nimemkosea sana, nataka kumfanyia kitu cha kumfurahisha kabla hajarudi. Isitoshe, hii haijaunganishwa na mashine yoyote, kwa hiyo safari hii hakuna cha kuharibika.

Nimeanza kumwekea Linux, nayo inauliza kama nina hakika nataka kufuta vyote vilivyomo. Maswali mengi, mfumo huu! Nimebonyeza Ndiyo.