Mkasi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka vidole vigumu kama vijiti vya ngoma. Vifungo vya shati: sita. Nilivyofanikiwa kufunga: kimoja, tena kwenye tundu la jirani yake. Nikavaa sweta juu. Kwa jua lote lile! Mke wangu akasema hiyo ni baridi yabisi, niende kliniki ya viungo. Nikamwambia nimelalia mkono. Akauliza, yote miwili? Mwanamke huyu anapenda sana hesabu.

Fundi cherehani wa chumba kinachopakana na changu, tunamwita Kola kwa jinsi anavyoringia kola zake, naye akauliza mbona sweta. Nikamwambia ndiyo mtindo. Akatabasamu. Simpendi akitabasamu.

Mchana kaja kijana mmoja anayeoa Jumamosi ya wiki ijayo. Anataka suti, na kizibao cha vifungo tisa. Tisa! Matundu tisa ya kushona kwa mkono! Nikamshauri zipu. Akaniangalia kana kwamba nimemshauri aoe amevaa gunia.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kliniki. Kutazama tu. Dada wa mazoezi ya viungo akauliza mgonjwa ni nani. Ulimi ukanitoka mbio: mama mkwe. Masikini, nikasema, mikono yake haiwezi hata kushika kijiko. Nilikaribia kulia mwenyewe.

Meza yake imejaa maajabu. Mkasi mwekundu wenye springi. Ukishaubana unajifungua wenyewe. Vijiko vya mpini mnene. Kipande cha mpira cha kufungulia vifuniko. Ndoano ya vifungo: unaipenyeza kwenye tundu, inanasa kifungo, unavuta, kwisha habari. Nikaviomba vyote. Akaniazima, huruma imemjaa tele. Kisha akaandika kwenye daftari lake: mgonjwa aletwe Jumatatu, apimwe.

Hilo sikuwa nimelifikiria.

Alhamisi, 6 Machi

Mkasi huu! Nimekata suti nzima bila kulia "mama yangu!" kwa maumivu. Kola alipochungulia mlangoni nikauficha kwa kuukalia. Si jambo la kumshauri mtu.

Nyumbani nikafungua chupa ya asali iliyowashinda watu wawili. Mke wangu akashangaa. Nikamwambia ni nguvu za kiume. Mpira ulikuwa umerudi mfukoni.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa mama mkwe. Nimemkuta anapasua kuni. Miaka sabini na moja! Shoka linapanda, linashuka, na kuni zinatii. Nikamwamkia, nikaanza kutafuta maneno. Humwambii mama mkwe ajifanye mgonjwa. Nina mke wa kurudi kwake. Nikasema kliniki inatafuta mzee mwenye afya njema wa kuwa mfano kwa wengine. Akafurahi, akaenda kutafuta viatu vyake vizuri.

Alipotoka akaniuliza mbona nashika kikombe cha chai kwa viganja viwili. Nikasema ni heshima, mama. Akanitazama muda mrefu kuliko heshima inavyohitaji.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeumbuka. Dada wa mazoezi alimpokea mama mkwe kama yai. Akamkalisha, akampa mkono, akamwambia abane kadiri atakavyoweza, asijilazimishe. Mama akabana. Dada akapiga yowe, mlinzi akaja mbio. Mama akaomba radhi, na huku anaomba radhi akafungua chupa ya mfano pale mezani, ambayo nasikia ilikuwa imekwama tangu mwaka jana.

Wote wawili wakanigeukia.

"Baba," mama akasema, "hebu nyoosha mikono."

Nikanyoosha. Yaani, nilijaribu. Akaishika. Akapapasa vifundo vilivyovimba, kimoja kimoja, polepole. Akasema mikono hii ndiyo iliyomshonea gauni alilovaa siku nilipomwoa binti yake, na gauni analo mpaka leo.

"Sasa mbona unaificha kama umeiiba?"

Nikafuta macho kwa bega. Vumbi, nadhani. Kliniki ile haifagiliwi ipasavyo.

Dada akanipima, huku anautingisha mkono wake wa kulia. Nimwone daktari. Maji ya vuguvugu asubuhi. Mazoezi ya vidole. Nipumzike kabla ya kuchoka, si baada. Vifaa nibaki navyo, kwa jina langu safari hii. Na kila Alhamisi kuna kikundi cha wenye maumivu ya viungo. Nikasema nitafikiria. Mama akasema nitakwenda.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda. Kama mwangalizi. Mwenyekiti wa kikundi ni nani? Kola! Mwaka wa pili huu! Mkasi mwekundu kama wangu anao dukani, umening'inia ukutani mbele ya wateja wote. Siku zote nilidhani ni madoido. Akawasimulia watu kwamba aliponiona na sweta kwenye jua kali alijua papo hapo, maana yeye mwenyewe alivaa koti miezi mitatu. Wakacheka. Nami nikacheka, kwa adabu.

Kisha akanionyesha jinsi ya kuvuta sindano kwa kipande cha mpira badala ya kuifinya kwa vidole. Akauliza matundu ya kizibao yamefika wapi. Hayakuwa yamefika popote. Hayakuwa yameanza safari. Nikasema yanaendelea vizuri. Akasema kesho asubuhi atakuja na kiti chake.

Jumamosi, 15 Machi

Bwana harusi kachukua suti. Tulishona jana kutwa, mimi na Kola, tukipumzisha mikono kila robo saa kama dada alivyoagiza. Maumivu yalikuwepo, ila ya kuvumilika. Kola alishona matundu manne, mimi matano. Nimemshinda.

Kijana alijitazama kwenye kioo mpaka nikahofia ndoa itamsubiri. Akamshukuru Kola pia, jambo ambalo sikuona ulazima wake. Uchaguzi wa mwenyekiti wa kikundi ni mwezi wa sita. Nitagombea.

Jumanne, 18 Machi

Viwanda vya siku hizi vinatengeneza sindano zenye matundu madogo mno. Uzi hauingii! Nimejaribu mara kumi na moja. Mke wangu anasema ni macho. Upuuzi mtupu. Hata hivyo nikapita kwa daktari wa macho, kutazama tu. Ana miwani mizuri. Akauliza namtafutia nani. Nikasema baba mkwe.

Safari hii nimetumia akili. Baba mkwe alifariki miaka kumi na miwili iliyopita. Hawezi kuitwa apimwe.