Bwawa Lililofunguliwa Bafuni Kwangu Bila Kibali

Ilomba, Mbeya
Jumatano

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

Natumaini u mzima na miguu yako ni mikavu. Yangu haijakauka tangu Jumatatu ya wiki iliyopita.

Nakuandikia kuhusu fundi Saulo, ambaye wewe mwenyewe ulinisifia kwamba mtaa mzima hauna wa kumfikia. Alikuja kunifungia trei la shawa, lile beseni pana jeupe ambalo mtu husimama ndani yake akaoga. Nililinunua Mwanjelwa kwa ajili ya mama yangu mzazi, Mama Eveline, mwenye miaka themanini na moja na nyonga mbovu. Alikubali kuhama Tukuyu aje kuishi nasi kwa sharti moja tu, kwamba asitoke nje na baridi hii kwenda kuoga. Nilidhani ni sharti dogo.

Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Maji hayatoki. Saulo alilaza pima maji juu ya trei, akaniita nishuhudie kiputo chake kimetulia katikati, nami nikampigia makofi. Trei limenyooka kweli. Ila bomba la kutolea maji chini yake limeinuka kuelekea nje, hivyo maji yanatakiwa kupanda mlima kwanza ndipo yaende shimoni. Maji ya Mbeya yamezoea milima, lakini kwa kushuka.

2. Yale yasiyotoka nayo hayatulii. Silikoni ya kuziba kati ya trei na ukuta ilipakwa juu ya vumbi na unyevu, na mama akaoga siku hiyohiyo. Ilibanduka kama ganda la ndizi mbivu. Sasa maji yanapita nyuma ya marumaru na kutokea sebuleni. Alhamisi jumuiya ilikutana kwangu, wakasali wakiwa wameinua miguu. Mzee wa kanisa, Aroni, alisoma habari za Nuhu, na sidhani kama ndilo somo lililopangwa.

3. Hili ndilo linaloniuma. Trei limepasuka. Mama hasimami kuoga. Haamini maji yanayotoka juu kama si mvua. Anaoga alivyooga maisha yake yote, kwa ndoo ya maji ya moto, kopo, na kigoda chake cha miguu mitatu alichokuja nacho kutoka Tukuyu. Jumamosi alikaa, mguu mmoja wa kigoda ukazama. Chini ya trei palikuwa patupu, Mwenyekiti! Vipande vinne vya tofali kwenye kona, katikati hewa. Hata mimi, karani mstaafu, najua kwamba chini pale hujazwa mchanga na saruji, trei likalala lote. Mama hakuumia, namshukuru Mungu, lakini nilimkuta ameshika ukuta kwa mikono yote miwili, na sijawahi kuogopa vile. Tangu siku hiyo haingii bafuni. Amefunga kanga zake kwenye mfuko, anasema, "Baba, nirudishe kwangu. Kule bafu ni la majani, ila halijawahi kunimeza."

4. Kwa hiyo naiomba serikali ya mtaa:
(a) bafu langu liandikishwe kuwa bwawa, nami niruhusiwe kufuga perege;
(b) Saulo aoge humo kila siku saa kumi na moja alfajiri, maji ya baridi, mpaka Julai iishe;
(c) akikataa, ahamishiwe Makongolosi kwa wachimbaji wa dhahabu, ambao nasikia wanahangaika kupata maji ya kuoshea mchanga. Ya kusimama anayo ya kuwatosha.

Mama anaondoka Jumamosi kwa gari la kwanza. Tafadhali uamue kabla ya hapo, maana sitaki kumpoteza kwa sababu ya bafu.

Wasalimie nyumbani kwako wote, wajumbe wako, na Saulo ukimwona, kwani simu zangu hapokei.

Wako katika unyevunyevu,
Edmund Mwakyoma

Tanbihi: Mke wangu Pendo amemsomea mama barua hii kabla sijaifunga. Mama amesema haitoki humu ndani mpaka niongeze alichokiona kwa macho yake. Basi naongeza. Saulo aliomba mifuko miwili ya saruji, mmoja wa kujaza chini ya trei, mwingine wa kurudishia sakafu akishaichimbua ili bomba lipate mteremko. Mifuko ilikuwepo. Nilimwambia aimalizie kwenye sakafu ya banda jipya la nguruwe, kwa kuwa nguruwe ni wazito kuliko mama. Silikoni pia alisema isiguswe mpaka kesho yake. Mimi ndiye niliyemwambia mama aoge. Banda hilo halivuji wala maji hayatuami humo hata tone. Nguruwe hawajahamia, na tangu Jumapili mama anaogea humo. Nimeona aibu.

Ichane barua hii. Mwambie Saulo aje kesho. Saruji nyingine nimenunua, ipo mlangoni mwa bafu, na mama ameweka kigoda chake kando yake anailinda isije ikaenda tena kwa nguruwe.