Amri ya Kutwaa Mkurugenzini

Taasisi ya Maua na Manufaa ina furaha kuutangazia umma kwamba imegundua kemikali ambayo haijawahi kuonekana kwenye mmea wowote duniani. Mimi ni Katibu wa Kamati ya Utwaaji ya taasisi hiyo. Tangazo niliandika mwenyewe, kwa hiyo najua ni la kweli.

Kemikali ilipatikana kwenye vichaka vya maua ya manjano vinavyozunguka nyumba ya mama mmoja, fundi cherehani, mtaa wa nyuma ya ofisi. Mkemia wetu alichuma majani na maua, akayaanika kivulini, akayasaga, akayaloweka kwenye spiriti siku tatu, akachuja, kisha akapitisha maji yake kwenye mrija wa kioo uliojaa unga mweupe, ili kemikali zitoke moja moja. Mashine ikazichora kwenye karatasi kama milima, mmoja mrefu kuliko yote. Mkurugenzi Mkuu akautazama, akajitambua. Hapohapo kemikali ikaitwa Mkurugenzini, kwa mfano wa kafeini na nikotini, ila hii ina cheo.

Mchana wake akatia saini Amri ya Kutwaa: kitu chochote kitakachothibitika kuwa na Mkurugenzini ni mali ya Taasisi na kitachukuliwa, kiwe kwa nani, kiwe wapi. Nikatumwa kwa fundi na kamba ya kupimia. Nilimkuta na pini mdomoni, anakunja pindo la gauni la bibi harusi.

"Mwanangu," akasema, "vichaka hivi ndio ukuta wangu. Wateja wanajaribia nguo hapo nyuma. Mkiving'oa, nani atakubali kuvua mbele ya barabara?"

"Hilo Kamati italizingatia, mama."

"Lini?"

"Tukishamaliza kung'oa."

Mama yule alilia. Nami roho iliniuma, siwezi kuficha, ila fomu haikuwa na nafasi ya roho, nikaandika "mdau ameelimishwa." Kung'oa kukapangwa Ijumaa.

Alhamisi asubuhi mkemia akaingia kwa Mkurugenzi Mkuu. Mimi nilikuwa pembeni, naandika kumbukumbu.

"Bosi, hii Mkurugenzini haitoki kwenye maua. Ni dawa ya kulainisha plastiki."

"Unasemaje wewe?"

"Niliomba mitungi ya kioo. Idara ya Ununuzi ikaniletea madumu ya plastiki, eti kioo kikivunjika kuna fomu ya kurasa tisa. Sasa spiriti ikikaa siku tatu kwenye dumu, inanyonya ile dawa. Nimerudia kwa kioo, majani yaleyale: hamna kitu. Nikaweka spiriti tupu kwenye dumu, bila hata jani moja. Mlima wako huu hapa."

Mkurugenzi Mkuu akatafakari kwa uzito unaostahili.

"Kwa hiyo mimi niko kwenye dumu?"

"Kwenye dumu, kwenye mpira wa kumwagilia, kwenye nyaya. Plastiki laini karibu zote."

"Tangazo limeshatoka," akasema. "Taasisi haikosei. Mkurugenzini ipo, na Amri itatekelezwa neno kwa neno. Katibu, umenisikia?"

"Neno kwa neno, bosi."

"Sawa," mkemia akasema kwa adabu kubwa, akaniwekea karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilihusu vichaka: haikuthibitika. Ya pili ilikuwa orodha ya vilivyothibitika, na vyote vilikuwa ndani ya chumba kile.

Watu hunisema mkali. Mimi ni mtiifu tu. Nilianza na kiti cha Mkurugenzi Mkuu, ambacho miaka yote tuliambiwa ni ngozi. Nikachukua mkoba, pazia, waya wa simu na zulia. Nikaomba mkanda, nikaomba viatu.

"Katibu, umerukwa na akili?" akafoka, kashikilia suruali kwa mikono miwili.

"Nipo kwenye mstari wa kumi na nne, bosi. Umebaki mmoja."

Niliusoma kwa sauti: mkojo wa Mkurugenzi Mkuu, ulioletwa maabara Jumatatu kwa agizo lake mwenyewe, ili ithibitike kwamba anayo mwilini. Ilithibitika.

Nikapitia kwanza kwa fundi kumwambia uzio unabaki. Alicheka mpaka akalazimika kutoa pini mdomoni. Kisha nikarudi, nikampeleka Mkurugenzi Mkuu ghalani na hati ya mapokezi, kifungu cha mali zinazotembea. Mtunza ghala alimgeuza, akamkagua kama hana mikwaruzo, akamtengea nafasi karibu na mpira wa kumwagilia.

"Basi yaishe!" Mkurugenzi Mkuu akasema, sauti imeshuka kabisa. "Naifuta Amri. Lete karatasi nitie saini, ndugu yangu, twende nyumbani."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita ndugu, na iliniingia moyoni. Nilimweleza taratibu, kwa heshima zote, kwamba Amri hufutwa kwa saini ya Mkurugenzi Mkuu peke yake, na mali ya Taasisi hairuhusiwi kutia saini. Mtunza ghala akaniazima gundi, nikambandika namba.