Mapafu Mawili ya Shemeji

Leo nimejivua nguo mbele ya wilaya tatu. Garissa, Wajir na Mandera, zote kwa mpigo. (Kwa mdomo tu. Kikoi kilikuwa mahali pake.)

Nawaandikia nyinyi wenzangu wa Form Four nikiwa nimejifungia chumbani hapa Galbet, mtaani kwetu Garissa, mlango nimeuwekea kiti. Barua ni hii moja, isomeni kwa zamu. Nataka mlisikie kwangu kabla dereva wa lori wa kwanza hajawafikishia, maana yeye ataongeza chumvi, na hili halihitaji chumvi.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mkeka, chai, ukuta wa kuegemea. Mlipokuwa mkikimbilia Nairobi kutafuta maisha, mimi nilikuwa nahamisha mto kufuata kivuli. Mama hunitania kwamba siku nikiolewa kama mwari haitakuwa taabu, maana kutawa ndani nimeshazoea.

Sasa, dada yangu Halima ameolewa na Mahat, yule muuza vitambaa wa Nairobi. Shemeji anajenga nyumba ya mapumziko hapa, upande wa mtoni, ili waje shule zikifungwa. Wiki jana alikuja, akanizungusha kwenye kuta, akasimama mahali pa bafu.

"Abdi," akasema, "nataka nikija hapa nijilaze kwenye maji kama mtu mkubwa. Bafu la kulala, si la kusimama tu. Chagua wewe, uagize Nairobi, fundi apate vipimo kabla hajamwaga sakafu. Ukichagua vizuri, wewe ndiye mlinzi wa nyumba hii. Chumba chako, feni yako, funguo zako. Ukiharibu, namleta binamu yangu kutoka Takaba, kule Mandera."

Jamani! Kazi ya kukaa! Chini ya feni! Mimi nilizaliwa nikiwa na uzoefu wa kazi hiyo.

Basi leo asubuhi nikaenda. Fundi Kioko, Mkamba mmoja mpole anayecheka bila sauti, alikuwa na kitabu cha picha kutoka duka la vifaa vya ujenzi la Nairobi. Tukafungua. Mabafu! Ya duara, ya pembe, yenye miguu kama ya simba. Katika moja alikuwemo mama wa Kizungu, povu hadi shingoni, anatabasamu peke yake. (Nilifunika ukurasa kwa kiganja. Kioko akasema, "Toa mkono, ndugu, vipimo viko hapo chini.")

"Shemeji yako ana urefu gani?" akaniuliza.

"Kama mimi. Tumbo tu ndilo lake mwenyewe."

"Basi lala hapo chini, tuone."

Nikalala. Chali, mikono ubavuni, macho nimefumba ili nimfikirie vizuri shemeji ndani ya maji. Kioko akanizungushia chaki kuanzia kichwani. Wakati huohuo Mama akaingia na chupa ya chai.

"Inna lillahi!"

"Mama, niko hai! Tunapima bafu!"

"Bafu la nini?"

"La kuoga mtu akiwa amelala."

Mama akanitazama. Akaitazama ile chaki. Akasema taratibu, "Kwetu anayeoshwa akiwa amelala huwa hana la kusema." Akaweka chupa, akaondoka zake.

Likabaki swali la maji. Mabomba ya upande ule hukohoa siku tatu ndipo yateme tone, kwa hiyo hesabu yetu ni ya punda: mkokoteni mmoja, pipa moja. Kioko akakokotoa kwa kalamu ya sikioni. "Bafu kubwa ni punda mmoja na nusu. Dogo, punda mmoja."

"Na akimaliza kuoga?"

"Anachomoa kizibo, punda anakwenda na maji."

Tukanyamaza kidogo kwa heshima ya punda. Kisha nikaamua kama bwana: bafu kubwa la mwenye nyumba, dogo la wageni, yote meupe. Na juu ya kila moja bomba la mvua, kwa siku ambazo punda wamegoma. Kioko akanishika mkono. "Umechagua vizuri, mlinzi." Mlinzi! Niliondoka pale nikitembea kwa mabega.

Kilichobaki kilikuwa kuagiza tu. Laini ya simu ilikuwa imekatika, kama desturi yake, kwa hiyo nikaenda kwa Bashir, mwenye chumba cha redio. Mnakijua kile chumba. Unabonyeza, unasema, unamaliza na "ova" (sisi husema "ofa"), unaachilia, mwenzako anajibu. Lile duka la Nairobi lina redio yake kwa ajili ya wateja wa huku. Ubaya ni mmoja. Yeyote mwenye redio kutoka hapa hadi mpakani anasikia. Watu hawana kazi, wanatega masikio tu, kama wanasikiliza mchezo.

Na hapa lazima niwakumbushe ugonjwa wangu. Mnamkumbuka mwalimu wetu wa Kiswahili, yule aliyeletwa kutoka Kenya (ndivyo tunavyopaita huko, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine). Siku ya kwanza nilisimama nikamwambia, "Bole, mwalimu, bensili yangu imebotea." Mlicheka, na nyinyi wote mlikuwa mkisema hivyohivyo! Akaniandikisha "pole, penseli, potea" mara mia mbili. Nikapona. Shida ni kwamba nilipona kupita kiasi. Tangu siku hiyo kila nikikutana na B nashuku kwamba ni P imejificha. Nikiwa na haraka, naikamata naigeuza P bila kuuliza.

Leo nilikuwa na haraka. Tena nilikuwa na watazamaji: akina mama wanne kwenye benchi, wakingoja zamu, jirani yetu Mama Shamsa akiwa wa kwanza. Nikajinyoosha. Karani wa Nairobi ni mtu wa huko, Kiswahili chake kimenyooka. Nikasema moyoni, leo watasikia msomi.

"Haloo Nairobi! Ni Abdi, Garissa! Nataka mapafu mawili! Ofa!"

Redio ikakoroma.

"Garissa, rudia. Mapafu? Hapa ni duka la vifaa vya ujenzi. Ova."

"Najua! Mapafu mawili! Moja kubwa ya mtu mzima, ingine ndogo ya wageni! Rangi nyeupe! Ofa!"

Nyuma yangu Mama Shamsa akasema, "Subhanallah." Nikadhani anasifu Kiswahili.

"Garissa," karani akasema polepole, kama anayeongea na mtu aliyepanda mnara, "kuna mgonjwa? Ova."

"Hakuna! Ni ya shemeji yangu! Ile ya sasa imekuwa ndogo, tumbo haiingii! Ofa!"

"Yamejaa maji? Ova."

"Bado! Tutajaza sisi wenyewe! Punda mmoja na nusu! Ofa!"

Hapo redio ikaingiliwa. Sauti nzito, na ngamia akilia nyuma yake. Mjomba wangu Yusuf, kaka yake Mama, kutoka Hadado, huko Wajir! Abti (ndivyo tunavyomwita mjomba) alikuwa dereva wa lori zamani, na akishtuka husema Kiswahili.

"Warya Abdi! Mabafu ya Mahat imeharibika? Tangu lini? Ofa!"

Na mimi, wenzangu, mimi niliyekuwa nimesimama ukingoni mwa kisima, badala ya kurudi nyuma nikaruka.

"Abti, si mabafu. Sema *mapafu*. Ofa."

(Nilimsahihisha. Mjomba wangu. Hewani. Mungu anisamehe.)

"Ndiyo hiyo nasema!" Abti akafoka. "Mabafu! Ya kufuta bumzi! Mahat anafuta bumzi na nini sasa? Ofa!"

Kuvuta pumzi. Neno lilinigusa mahali fulani kichwani, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya pili. Lakini karani naye alikuwa amebonyeza, nami nilitaka kumaliza oda.

"Garissa, kuna kingine? Ova."

"Ndiyo! Pomba mbili! Ofa!"

Redio ikakoroma tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi.

"Garissa... umesema pombe? Ova."

Redio ilikuwa inakwaruza. Nilisikia nilichotaka kusikia.

"Ndiyo! Mbili! Moja ya shemeji, moja ya wageni! Tutafunga juu ya kichwa, mtu akifungua tu inamwagika kama mvua! Ofa!"

Wenzangu, wilaya tatu zilinyamaza. Hata yule ngamia. Kisha kutoka mahali ambapo sikujua, labda Takaba, mzee mmoja akasema kwa huzuni, "Wallahi, Mahat tulimjua mtu wa dini."

Na Abti Yusuf akajibu, "Sasa nimejua mabafu yake iliisha namna gani."

"Pombe inakula maini," sauti ya tatu ikaingia, ya kike, kutoka Wajir. "Mapafu ni sigara."

Wakaanza kubishana! Maini, mapafu, sigara, pombe! Mama Shamsa alikuwa tayari amesimama, anajifunga shela aende kwa Mama kumpa pole. Nikabonyeza, nikaachilia, nikabonyeza. Hakuna aliyenisikiliza. Jasho lilinitoka hadi kwenye vifundo vya miguu.

Bashir akaninyang'anya kipaza sauti. Bashir hakumaliza hata darasa la nne. Hakuna mwalimu aliyewahi kumponya chochote.

"Nyamaza wote! Nairobi, huyu mtu nataka *bafu*. Bafu! Ile sahani kubwa, mtu nalala ndani naoga. Mbili. Na *bomba* ya mvua, mbili. Bas. Ofa."

Alizitamka B zake zote, nono, safi, kama alivyozaliwa nazo.

Karani alianza kucheka akiwa bado amebonyeza. Halafu Wajir. Halafu Hadado, Abti alicheka mpaka akakohoa, na kila akikohoa mtu mmoja alimwuliza kama na yeye aagiziwe jozi. Mama Shamsa alirudi kuketi, akajifunika uso kwa shela, benchi zima likawa linatikisika. Nikasimama tu. Ukishaanguka hivyo hakuna pa kuweka mikono.

Kicheko kilipopungua, sauti nyingine ikaja kutoka Nairobi. Tulivu.

"Abdi."

Haikusema ova. Haikuhitaji. Alikuwa shemeji mwenyewe! Kumbe alikuwa amekaa palepale dukani, anachagua vigae na kunywa chai.

"Shemeji," nikasema. "Umekuja saa hizi? Ofa."

"Nipo tangu mapafu."

Nikaiona ile feni ikizimika. Nikamwona binamu wa Takaba amelala kwenye kitanda changu, mguu juu ya mguu, funguo kifuani.

"Nisamehe, shemeji. Mlete tu huyo binamu yako. Ofa."

"Kwanza niambie. Sasa utapitaje sokoni?"

"Sitapita."

"Chai hotelini?"

"Nitanywa nyumbani."

"Msikitini?"

"Alfajiri. Watu wakiwa bado na usingizi."

Nilimsikia akinywa funda moja la chai, wilaya tatu zikisikiliza lile funda. "Binamu yangu ana miguu mirefu," akasema. "Saa mbili yuko sokoni, saa nane yuko Wajir. Mimi nilikuwa natafuta mtu ambaye nyumba haitamkosa hata siku moja. Sasa nina uhakika naye. Funguo ni zako. Na Abdi, ukiagiza chochote kwa jina langu, mpe Bashir aseme yeye. Ova."

Karani akasoma oda ili tuhakikishe: mabafu mawili meupe, kubwa na dogo, mabomba mawili ya mvua, yote yanapanda lori Alhamisi. "Mapafu," akaongeza, "hatuna."

Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya zizi, na bado jamaa watatu wamenisimamisha kuniuliza kama napumua. Mama hasemi nami. Ananitazama tu, anaingia jikoni, nasikia sufuria zikicheka naye.

Kwa hiyo kazi nimepata. Mkija kunipongeza, malizeni kucheka huko barabarani, mbishe mlango pole pole (au ni bole bole?), na tafadhali sana, tuongee Kisomali.