Geti la Choo na Figo za Cheche

Redio, mtangaza habari wa kijiwe, hakusalimia mtu. Aliingia uani mwa karakana ya mageti simu ikiwa juu, kama mtu aliyekamata mwizi, akasimama mbele ya benchi la kahawa na kutangaza:

"Mheshimiwa amezindua mashine mbili za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo! Utepe umekatwa, ngoma zimepigwa, na jioni hiyohiyo mwenyewe kapanda ndege kwenda ng'ambo kuangaliwa figo zake!"

"Mkarimu huyo," alisema Mama Birika akimimina kahawa. "Hataki kubanana na wananchi kwenye foleni."

Benchi zima likaangua kicheko, kasoro Cheche. Mchomeleaji huyo alikuwa amekaa pembeni, kamba za viatu amezilegeza, maana tangu wiki iliyopita miguu ilikuwa inagoma kuingia. Mfukoni alikuwa na kichupa cha plastiki alichopewa zahanati asubuhi ile. Nesi alimpima presha, akaipima tena, akaacha kutabasamu. Kisha akamwambia alete mkojo kabla maabara haijafungwa adhuhuri. Cheche alikaa kwenye choo cha zahanati mpaka watu wakagonga mlango. Halikutoka hata tone.

"Figo ni ugonjwa wa wakubwa," alisema Dokta, ambaye shule ya udaktari aliijua kwa kupita nje ya ukuta wake. Jina alilipata kwa kopo lake la vidonge vya maumivu, lililokaa mezani kando ya sukari. Kijiweni hapo mtu alichukua kahawa, vijiko viwili vya sukari, vidonge viwili vya Dokta, kisha akachomelea mpaka jioni. "Sisi wachapakazi tunaumwa mgongo tu. Cheche, chukua vyako. Mbona leo unavitazama kama polisi?"

"Leo sijisikii vizuri."

"Si ndiyo maana nakupa!"

"Subiri, Dokta," Redio aliinua kidole. "Nesi mmoja kahojiwa hapa simuni. Anasema ukimeza dawa za maumivu kila siku bila kupimwa, na maji hunywi, unaziua figo zako mwenyewe. Yaani kakueleza wewe, kasahau kuweka picha."

"Hao wanataka kuniharibia soko. Miaka yote natoa huduma hapa, nani amewahi kuja kulalamika?"

"Aliyekufa atakujaje?" aliuliza Mama Birika.

Walicheka, lakini kicheko hicho hakikufika mbali, kwa sababu Mama Birika aliweka birika chini, na yeye huwa haliweki.

"Dada yangu yuko kwenye hiyo mashine," alisema. "Mara tatu kwa wiki. Figo hazikumuuma hata siku moja. Alikuwa na presha. Akasema mbona natembea, mbona napika, akaacha dawa. Figo hazipigi kelele, jamani. Zinachoka kimyakimya. Ukiona macho yamevimba asubuhi, miguu haiingii viatuni, mkojo una povu, ujue zimekuvumilia mno."

Cheche akavuta miguu chini ya benchi. Alichelewa.

"Kaka yangu, hizo kamba umelegeza kwa mtindo?"

"Kiatu kimesinyaa, dada."

"Viwili kwa pamoja?"

Akaona bora atoe kichupa, akakiweka mezani, akasimulia yote: presha, nesi, adhuhuri. Kwa mara ya kwanza Dokta aliona haja ya kuweka kifuniko kwenye kopo lake.

Redio ndiye aliyewaka. "Maji, wanasema! Tunywe, tukakojoe wapi?" Akanyoosha mkono kwenye choo cha karakana, kilichofungwa kwa geti la chuma kama benki. "Mimi sisahau. Mwaka ule wa kubadilisha paa la karakana, Bosi alisimama hapahapa akasema kukojoa ni wizi wa muda wake. Akafunga choo, ufunguo akauvaa shingoni kama medali, akawa anazunguka nao mjini. Nyinyi mkafanya nini? Mligoma? Mkakauka! Mnakunywa funda moja asubuhi, mnashinda kwenye moto, mgongo ukilia mnameza vya Dokta. Na geti lenyewe nani kalichomelea?"

Macho yote yakamgeukia Cheche.

"Bosi alitaka imara," alisema taratibu.

"Na lile ua la chuma juu?"

"Hilo niliongeza mwenyewe."

Mama Birika alimpa maji kikombe kimoja. Alipoomba cha pili, akamnyima. "Usijijaze tu. Dada yangu siku hizi maji anapimiwa. Kwanza kipimo kiseme."

Mjadala ukarudi kwa Mheshimiwa na ndege yake. Katikati ya mashtaka, Cheche akainuka ghafla.

"Umekuja!"

"Nani, Bosi?"

"Mkojo!"

"Basi kimbia zahanati!"

"Sifiki!"

Alitazama geti, akatazama jua, akatazama grenda yake ya kukatia vyuma. Kazi aliyoisifia kwa wateja miaka yote ilimalizika kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Bawaba ziliachia, ua la chuma likadondoka kwenye vumbi, na Cheche akaingia mbio na kichupa chake.

Foleni ilijipanga yenyewe. Wa kwanza ndani yake alikuwa Dokta.

"Na wewe?" Redio alishangaa.

"Nimebana tangu paa la zamani, bwana. Niache."

Hapo ndipo gari la Bosi lilipoingia. Alishuka ufunguo ukimning'inia kifuani, akaliona geti limelala chali. "Nani kakata geti langu?"

Foleni ilitazama mbingu. Cheche akatoka chooni, suruali ameishikilia kwa mkono mmoja.

"Aliyelitengeneza. Nishikie kidogo, Bosi, nifunge mkanda."

Bosi, kwa mazoea ya kupokea kila wanachompa mafundi, akapokea. Ndipo akahisi joto kiganjani.

"Hiki ni nini?"

"Usikitikise," alisema Cheche akifunga mkanda. "Povu lililomo linatosha."

Akakichukua, akakikumbatia kifuani kwa mikono miwili, akaelekea zahanati, kamba za viatu zikiburuta vumbini.