Hakuna Kuku Aliyeliwa na Mwewe

Mheshimiwa Chifu, Naibu wako na yule anayemshikia Naibu kofia. Mchungaji uliyetuombea kwa dakika arobaini. Wazee wa hapa Kwanza, akina mama, ndugu zetu wa bodaboda mliozima injini kwa heshima yangu. Mabibi na mabwana, itifaki izingatiwe, na kama kuna mtu nimemruka asikasirike, maana mimi Hiram Wamalwa, Mkurugenzi Msaidizi wa Masuala ya Kuku wa Nje, Kitale na Viunga Vyake, nimewahi kusahau mambo makubwa kuliko jina la mtu. (Makofi machache.)

Miaka miwili iliyopita Mama Nelima, huyu aliyekaa hapa mbele na leso ya kijani, alikuja ofisini kwangu Kitale akaniambia kwamba mwewe anamaliza vifaranga vyake na nguchiro anachimba chini ya ua, kwa hivyo anaomba waya na nguzo nane, kazi ingine atafanya mwenyewe. Mtu wa kawaida angempa waya. Lakini mimi nimesoma, na waya peke yake niliona ni fikra ndogo, nikamwambia, mama, wacha kwanza tufanye feasibility study, tuite stakeholders, tuchore roadmap, na hao kuku wako kumi na wanne tuwasajili wawe kuku wa mfano. Akanishukuru. Mimi pia nilijishukuru. (Kicheko.)

Tukaanza na ziara ya benchmarking, yaani kujifunza kwa wenzetu, kule Bungoma, maafisa kumi na mmoja ndani ya magari matatu, tukamtembelea Mzee Wabwile, ambaye uwanja wake wa kuku kwa kweli unapendeza: waya imezikwa futi moja ardhini ili nguchiro achimbe mpaka achoke, kuna wavu juu wa kumzuia mwewe, kivuli cha mparachichi, shimo la majivu na mchanga mkavu ambapo kuku wanaoga kutoa viroboto, maji safi kila asubuhi, na chanjo ya kideri inadungwa kwa tarehe yake. Mzee na mke wake walijenga hayo yote kwa siku nne. Sisi tuliandika ripoti juu yake kwa miezi saba, kurasa tisini na mbili, na picha yangu kwenye jalada nikiwa nimebeba kuku kama mtoto wa kubatizwa. (Sauti ya mama: "Bana, hata kushika kuku hajui!") Ni kweli, mama, sijui, na ile koti haikutakata tena.

Ndipo ukaja ukaguzi. Sasa nyinyi ni watu wa adabu, na kwetu mgeni haondoki bomani na chai kavu. Lazima kuku achinjwe, firigisi iwekwe juu ya sahani ya mkubwa, na mkubwa akiikataa amemtusi mwenye boma. Mimi katika utumishi wangu wote sijawahi kumtusi mtu. Mradi huu nimeukagua mara kumi na nne, leo siku ya kuufungua rasmi ikiwemo. (Watu wanahesabu kwa vidole.)

Takwimu ni hizi: kuku walioliwa na mwewe, hakuna, walioliwa na nguchiro, hakuna, waliokufa kwa kideri, hakuna. Nilizisoma mbele ya wakubwa wangu, wakasimama, wakanipa cheti, na nimekitundika ukutani juu ya kiti changu. (Mzee mmoja: "Si mwewe siku hizi anavaa tai!" Kicheko kirefu.) Mzee, sihitaji mkalimani, nimeelewa. Hata kitambi hiki ni mali ya mradi.

(Mama Nelima anasimama: "Bwana mkubwa, mimi sina maneno mingi. Hiyo kuku nyekundu mmekula leo ndio ilikuwa imebaki. Ilikuwa inalalia mayai, kumi na moja. Sikutaka kuchinja, lakini mgeni ni mgeni. Nauliza tu, ile waya iko wapi?")

Waya, mama, iko ukurasa wa sitini na nne. Imechorwa vizuri sana, kwa rangi.

Basi tuseme pamoja: Kuku salama! (Mtu mmoja: "Jamii salama.") Uwanja bora! (Hakuna anayejibu.)

Nikimalizia, nawashukuru nyote. Namshukuru aliyetuazima hizi nguzo mbili tulizofungia utepe, na azichukue mara nikishakata, kwa maana najua ni za kuanika nguo. Nyuma ya utepe nimechungulia, hakuna kitu, ni nyasi tu. Nakushukuru wewe Mama Nelima kwa chakula. Firigisi ilikuwa laini, na sasa inanikwama hapa kifuani, na nakuomba msamaha mbele ya hawa watu wote. Kama kuna jirani mwenye kuku anayelalia, tafadhali aende sasa hivi akamwekee yale mayai kumi na moja kabla hayajapoa. Na kwa usalama wa hivyo vifaranga, natoa ahadi moja tu ambayo ofisi yangu ina uwezo wa kuitekeleza: sitakuja kuvikagua.

(Watu wote wanasimama na kupiga makofi, Mama Nelima akiwa wa kwanza.)